Namba Moja, Maana Mbili: Kusoma Vipimo vya Damu vya Mwanamume na vya Mwanamke

Mkazi wa Mbulu au Hanang anayekwenda kupima sukari na mafuta ya damu huwa amekwisha kulipia mengi kabla hajafika kwenye dirisha la maabara: nauli ya basi au ya bodaboda, siku nzima ya kazi ya shamba au ya machungani, na asubuhi isiyo na chai. Akitoka, hupewa karatasi yenye namba saba au nane. Namba hizo ndizo bidhaa aliyoinunua. Lengo la sura hii ni kumsaidia aielewe bidhaa hiyo, na hasa aelewe jambo moja ambalo aghalabu halielezwi: baadhi ya namba hizo hazina maana ileile kwa mwanamume na kwa mwanamke.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Karatasi ikisomwa kwa mizani ya jinsia isiyo yake, mwanamke mwenye hatari huambiwa kwamba yuko salama, na mwanamume anayepoteza damu polepole huambiwa kwamba damu yake inatosha. Wote wawili hurudi nyumbani wakiwa wamelipia faraja isiyo ya kweli.

Kwa nini tunalizungumza sasa

Utafiti uliochapishwa mwaka 1989, uliofanyika katika vijiji sita vya Tanzania, ulikuta kisukari kwa mtu asiyefikia mmoja kati ya kila watu 100 wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Mwaka 2012, utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza, uliosimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta sukari iliyozidi kwa takriban watu 9 kati ya 100, na shinikizo kubwa la damu kwa takriban 26 kati ya 100. Tafiti hizo mbili hazikupima watu wa umri mmoja wala hazikutumia njia moja, hivyo hatuwezi kuzilinganisha namba kwa namba. Hata hivyo, mwelekeo wake uko wazi: magonjwa yaliyohesabiwa kuwa ya mijini hayakubaki mijini.

Katesh, Haydom, Dongobesh na Basotu si vijiji vya zamani tena. Sembe iliyokobolewa imechukua nafasi ya dona katika nyumba nyingi, soda na mafuta ya kukaangia vinapatikana katika kila duka, na safari iliyotembelewa kwa miguu sasa huendwa kwa bodaboda. Mfugaji aliyezoea kufuata ng'ombe kutwa nzima, akihamia kwenye kazi ya dukani bila kupunguza chakula, hubadilika kwa ndani kabla hajabadilika kwa nje. Damu ndiyo huanza kusema.

Sindromu ya umetaboli ni nini?

Umetaboli ni kazi ya mwili ya kukigeuza chakula kuwa nguvu na kuiweka akiba ziada yake. Kazi hiyo inapoharibika, dalili kadhaa hujitokeza kwa pamoja, na mkusanyiko wake ndio uitwao sindromu ya umetaboli. Si ugonjwa mmoja, bali ni onyo: mwenye mkusanyiko huu ana hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha aina ya pili, shambulio la moyo na kiharusi kuliko asiye nao.

Mwaka 2009 taasisi kadhaa za kimataifa, likiwamo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, zilikubaliana juu ya vigezo vitano. Mtu huhesabiwa kuwa na sindromu hii akiwa na angalau vitatu kati ya hivi:

1. Mzunguko wa kiuno: sentimita 94 au zaidi kwa mwanamume, sentimita 80 au zaidi kwa mwanamke.
2. Trigliseridi, yaani mafuta yanayosafiri katika damu: 1.7 au zaidi, kwa wote.
3. Lehemu nzuri, inayoandikwa HDL: chini ya 1.0 kwa mwanamume. Chini ya 1.3 kwa mwanamke.
4. Shinikizo la damu: 130 au zaidi kwa namba ya juu, au 85 au zaidi kwa namba ya chini, kwa wote.
5. Sukari ya damu kabla ya kula: 5.6 au zaidi, kwa wote.

Anayetumia dawa kwa ajili ya mojawapo ya hali hizi huhesabiwa kuwa nayo, hata kama dawa imeishusha namba. Vipimo vya sukari, trigliseridi na HDL hapa vimeandikwa kwa milimoli kwa lita, alama ambayo kwenye karatasi huonekana kama mmol/L. Mipaka ya kiuno inayotumika kwa Waafrika walio kusini mwa Sahara iliazimwa kutoka takwimu za Ulaya, hivyo mtaalamu huitumia kwa busara na kwa kuangalia vigezo vingine.

Msomaji ataona kwamba kati ya vigezo vitano, viwili vina mipaka tofauti kwa wanaume na wanawake: kiuno na HDL. Hivyo viwili vinatosha kugeuza jibu lote.

Mfano wa mume na mke

Tuchukue mfano wa kubuni. Mume na mke wa Dongobesh, wote wenye umri wa miaka 45, wamekwenda kupima asubuhi moja. Kwa bahati isiyo ya kawaida, wamepata namba zilezile:

- Kiuno: sentimita 90
- Shinikizo la damu: 126/80
- Sukari kabla ya kula: 5.8
- Trigliseridi: 1.8
- HDL: 1.1
- Wekundu wa damu, yaani hemoglobini: gramu 12.8 kwa desilita
- Asidi ya yuriki: mikromoli 390 kwa lita

Anayetumia mizani moja atawaambia, "Mko sawa." Tuhesabu upya.

Kwa mume, sukari na trigliseridi zimevuka mpaka. Kiuno chake hakijafika 94, HDL yake haiko chini ya 1.0, na shinikizo lake halijafika mpaka. Ana vigezo viwili. Hajafikia sindromu ya umetaboli, ingawa amekwisha kupewa onyo.

Kwa mke, sukari na trigliseridi zimevuka mpaka vilevile, lakini kiuno chake kimepita 80 na HDL yake iko chini ya 1.3. Ana vigezo vinne. Anayo sindromu ya umetaboli, naye anahitaji ushauri na ufuatiliaji.

Asidi ya yuriki haimo katika vigezo vitano, lakini mara nyingi hupanda pamoja navyo. Maabara nyingi huweka mpaka wa juu wa takriban 420 kwa mwanamume na 360 kwa mwanamke. Namba ya 390 iko ndani ya mpaka kwa mume, na nje ya mpaka kwa mke.

Sasa tutazame wekundu wa damu, ambapo mambo yanageuka. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mwanamume mwenye hemoglobini chini ya gramu 13.0 ana upungufu wa damu, na mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12.0. Kwa namba ya 12.8, mume ndiye mwenye upungufu. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya makazi ya Mbulu na Hanang iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mwili wa mtu aishiye mwinukoni hutengeneza hemoglobini zaidi kidogo. Mtaalamu anayezingatia mwinuko atamwona mume akiwa chini zaidi ya mpaka, na mke akiwa karibu nao.

Mwanamume hana hedhi wala hazai. Akipungukiwa damu, ni lazima kuuliza inakokwenda: minyoo ya safura, kichocho, vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au uvimbe katika utumbo. Kumpa vidonge vya kuongeza damu na kumrudisha nyumbani bila kutafuta chanzo ni kuziba ufa kwa karatasi.

Kwa nini miili inatofautiana

Tofauti hizi hazikupangwa kwa desturi. Zina sababu ndani ya mwili.

Homoni ya estrojeni, ambayo mwanamke huwa nayo kwa wingi katika miaka ya uzazi, huelekeza mafuta kwenye nyonga na mapaja, huliwezesha ini kutengeneza HDL nyingi zaidi, na huzisaidia figo kutoa asidi ya yuriki katika mkojo. Ndiyo maana mwanamke mwenye afya hutazamiwa kuwa na HDL kubwa kuliko ya mwanamume na asidi ya yuriki ndogo kuliko yake. Anapopata namba ya "kawaida" ya kiume, maana yake ni kwamba ameshuka kutoka mahali alipopaswa kuwa.

Mwanamume huhifadhi mafuta zaidi tumboni, kuzunguka ini na utumbo. Mafuta ya mahali hapo humwaga asidi za mafuta kuelekea kwenye ini, nalo hutengeneza trigliseridi zaidi na kuachia sukari zaidi wakati wa usiku. Ndiyo maana mwanamume anaweza kupata kisukari akiwa na unene mdogo kuliko wa mwanamke. Mwembamba mwenye kitambi asijidanganye kwa uzito wake.

Homoni ya kiume, testosteroni, huchochea utengenezaji wa chembe nyekundu za damu. Mwanamke kwa upande wake hupoteza madini ya chuma kila mwezi. Kwa sababu hiyo hemoglobini na akiba ya chuma, inayopimwa kwa feritini, huwa juu zaidi kwa mwanamume. Hata kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, hutegemea wingi wa misuli. Namba inayoonekana njema kwa mwanamume mwenye misuli mingi huweza kuficha udhaifu wa figo kwa mwanamke mzee na mwembamba.

Kuna jambo jingine linalowahusu Waafrika wa jinsia zote. Tafiti kadhaa kwa watu wenye asili ya Kiafrika zimeonyesha kuwa trigliseridi zao mara nyingi hubaki chini hata pale ambapo insulini imekwisha kushindwa kufanya kazi yake ipasavyo. Kwa hiyo trigliseridi zilizo chini ya mpaka si cheti cha usalama. Kiuno, sukari, shinikizo la damu na HDL ni lazima visomwe pamoja nazo.

Sukari hupimwa kwa njia zaidi ya moja

Mpaka wa sukari ni mmoja kwa wote, lakini njia ya kuipima haiwatendei wote sawa. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kuwa wanaume hukutwa zaidi na sukari iliyopanda kabla ya kula, ilhali wanawake hukutwa zaidi na sukari iliyopanda saa mbili baada ya kunywa maji yenye gramu 75 za glukosi. Sehemu ya sababu ni rahisi: kinywaji ni kilekile, lakini mwili wa mwanamke kwa wastani ni mdogo na una misuli michache ya kuipokea sukari hiyo.

Sukari ya kabla ya kula ikifika 7.0, au ya saa mbili ikifika 11.1, ni kiwango cha kisukari, na kwa kawaida hurudiwa siku nyingine ili kuthibitisha kama hakuna dalili. Sukari ya saa mbili kati ya 7.8 na 11.0 ni hatua ya kuelekea huko. Mwanamke mwenye ndugu wa damu wenye kisukari, au aliyepata sukari wakati wa ujauzito, au aliyejifungua mtoto wa kilo 4 na zaidi, hapaswi kutulizwa na kipimo kimoja cha asubuhi. Amwulize mtaalamu kama anahitaji kipimo cha saa mbili.

Kipimo cha tatu ni hemoglobini A1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu. Mpaka wake wa kisukari ni asilimia 6.5. Kipimo hiki hakihitaji kufunga, jambo linalokifanya kipendwe, lakini kinategemea afya ya chembe nyekundu. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kukipandisha pasipo sukari kupanda. Ugonjwa wa selimundu, kutoka damu nyingi au kuongezewa damu karibuni huweza kukishusha ilhali sukari ni nyingi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta upungufu wa damu kwa wanawake 45 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Kwa hiyo mkanganyiko huu huwapata wanawake zaidi. Mwenye upungufu wa damu aseme mapema, ili A1c yake isisomwe peke yake.

Ujauzito, uzazi wa mpango na ukomo wa hedhi

Mwanamke habaki na mizani moja maisha yake yote.

Wakati wa ujauzito lehemu na trigliseridi hupanda kwa kawaida, kwa kuwa mwili unamlisha mtoto, na hemoglobini hushuka kwa kuwa maji ya damu yameongezeka. Mpaka wa upungufu wa damu kwa mjamzito ni gramu 11.0, ingawa hushushwa kidogo katika miezi ya katikati. Vipimo vya mafuta vya wakati huo havifai kutumiwa kuamua kama mama ana sindromu ya umetaboli. Sukari ni jambo jingine: ikipanda wakati wa ujauzito ni lazima ishughulikiwe mara moja, na mama apimwe tena wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua. Sukari ya ujauzito, hata ikiisha, huacha onyo la miaka mingi mbele.

Baadhi ya njia za uzazi wa mpango hugusa namba hizi. Vidonge vyenye estrojeni huweza kupandisha trigliseridi, na sindano ya miezi mitatu huweza kuishusha HDL kidogo. Hatumshauri mtu yeyote aache njia yake kwa sababu hiyo. Tunamshauri aitaje anapopimwa, na ajadiliane na mhudumu kama namba zake si nzuri.

Baada ya ukomo wa hedhi, estrojeni hupungua na mafuta huanza kuhamia tumboni. Lehemu mbaya na trigliseridi hupanda, na asidi ya yuriki hufuata. Mama wa miaka 55 aliyeambiwa akiwa na miaka 40 kwamba vipimo vyake ni vizuri hana budi kupima upya. Afahamu pia kwamba kisukari humwondolea mwanamke sehemu kubwa ya nafuu aliyokuwa nayo juu ya mwanamume katika magonjwa ya moyo.

Kwa akina baba

Mwanamke wa umri wa uzazi hufika kliniki ya mama na mtoto, hupimwa shinikizo la damu na wekundu wa damu, na kadi yake huandikwa. Mwanamume wa umri huohuo anaweza kupitisha miaka 20 bila kupimwa chochote, mpaka siku ya kuanguka. Hana kliniki inayomwita kwa tarehe. Kwa hiyo ni lazima ajiwekee tarehe mwenyewe.

Pombe, iwe ya dukani au ya kienyeji, hupandisha trigliseridi, asidi ya yuriki na shinikizo la damu kwa pamoja. Siku ya mnada yenye nyama choma nyingi na pombe nyingi inaweza kumletea mwenye asidi ya yuriki kubwa maumivu makali ya jongo kwenye kidole gumba cha mguu usiku uleule. Asiyefichue unywaji wake kwa mhudumu hujinyima tafsiri sahihi ya namba zake.

Kabla ya kwenda kupima

- Usile kwa saa 8 hadi 12 kabla ya kipimo cha sukari ya asubuhi na mafuta. Maji ya kunywa yanaruhusiwa. Chai yenye sukari au maziwa hairuhusiwi.
- Usinywe pombe siku moja kabla.
- Ukiwa na malaria, homa au maambukizi mengine, subiri upone, isipokuwa mhudumu akiona ni dharura. Maambukizi huishusha HDL na kupandisha sukari na trigliseridi kwa muda.
- Anayetumia dawa za kisukari aulize kwanza namna ya kufunga kwa usalama. Asiache dawa kwa uamuzi wake.
- Kiuno kipimwe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi, bila shuka, kanga au mkanda kuzuia.

Maswali ya kuuliza unapopokea majibu

Mteja ana haki ya kuuliza, na mhudumu mwema hafurahishwi na mteja asiyeelewa. Tunapendekeza maswali haya:

1. "Je, mipaka iliyoandikwa hapa ni ya mwanamume au ya mwanamke?" Karatasi nyingine huwa na safu moja tu ya mipaka. Hakikisha jinsia na umri wako vimeandikwa sawasawa.
2. "Namba hizi ziko katika kizio gani?" Mashine nyingine huandika miligramu kwa desilita. Ili kupata namba hizo kutoka milimoli kwa lita, sukari huzidishwa kwa 18, HDL kwa takriban 39, na trigliseridi kwa takriban 89. Kwa mfano, sukari ya 5.6 ni sawa na takriban 100, na HDL ya 1.3 ni sawa na takriban 50.
3. "Nina vigezo vingapi kati ya vitano?"
4. "Je, upungufu wa damu, ujauzito au dawa ninazotumia vinabadilisha maana ya majibu haya?"
5. "Nirudi lini?"

Uliza bei kabla ya damu kutolewa, na kama una bima, uliza ni vipimo vipi vinavyolipiwa. Maabara binafsi zinapaswa kuwa zimesajiliwa na Bodi ya Maabara Binafsi za Afya. Mteja anaruhusiwa kuomba kuona cheti cha usajili.

Jihadhari na haya

Wapo wanaozunguka na mashine ya kushikwa mkononi inayodaiwa kupima mwili mzima, mafuta ya damu yakiwamo, pasipo kutoa hata tone la damu. HDL na trigliseridi hupimwa katika damu. Mashine ya namna hiyo haizipimi, na mara nyingi anayeileta ndiye anayeuza virutubisho vya kutibu kile alichodai kukiona.

Vitunguu saumu vya Mbulu ni zao la heshima na kiungo chema, lakini havichukui nafasi ya dawa ya shinikizo la damu wala ya kisukari. Hali kadhalika mizizi na magome. Atakayependa kuvitumia pamoja na dawa amweleze mhudumu, kwa kuwa baadhi huingiliana na dawa.

Ukishajua namba zako

Hatua za kwanza ni zilezile kwa baba na kwa mama. Punguza sukari kwenye chai na soda. Chupa moja ya soda ya mililita 350 huweza kuwa na zaidi ya gramu 30 za sukari. Rudia dona, mtama, maharage, choroko na mboga za majani, na ugali uwe sehemu ya sahani, usiwe sahani nzima. Chumvi isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa siku. Tembea kwa nguvu au fanya kazi ya kutoa jasho kwa angalau dakika 150 kwa wiki. Acha tumbaku, ikiwamo ugoro. Kiuno kikipungua kwa sentimita chache tu, namba nyingine huanza kufuata.

Kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara na kukonda bila sababu ni dalili za kwenda kupima wiki hiyohiyo. Maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mdomo kupinda au mkono mmoja kupoteza nguvu ni dalili za kwenda hospitali saa hiyohiyo, iwe ni usiku au mchana.

Tumrudie mume na mke wa mfano wetu. Mke aelezwe vigezo vyake vinne, apewe mpango wa chakula na mazoezi, na apangiwe tarehe ya kurudia vipimo. Mume atafutiwe chanzo cha upungufu wa damu yake, kisha naye apunguze sukari na trigliseridi kabla hajafikia kigezo cha tatu. Chakula kinachowafaa ni cha chungu kimoja, na safari ya kurudi kliniki wanaweza kwenda pamoja. Ila karatasi zao zisomwe moja moja, na zitunzwe pamoja na kadi za kliniki, kwani mwaka ujao kila mmoja atalinganishwa na namba zake mwenyewe.